Meno Meusi ya Mohei

Wageni wanaopanda ngazi za hekalu letu hapa Karasudani huja wameshika mashavu. Jino likikuuma, panda, choma ubani, mwombe shujaa Tatsumi Norikage aliyelala chini ya msonobari, kisha shuka ukanywe uji wa moto. Wengine hupona. Wasiopona tunawaambia hawakuomba vizuri. Sisi wa bondeni tunawapokea kwa heshima, tunawauzia figili za kuchachusha, na tunajiuma midomo tusicheke, maana tunajua chini ya ule msonobari hakuna shujaa yeyote. Yupo Mohei, mkulima wa figili, mtu ambaye hakuwahi kushinda ugomvi wowote maishani mwake, hata ule wa kugombania mlango na kuku.

Lakini habari hii si ya Mohei. Yeye kazi yake ilikuwa kufa tu, na hata hiyo aliifanya kwa bahati mbaya. Habari hii ni ya mkewe, Otane, na nimeipata kwa bibi yangu, aliyeipata kwa bibi yake, aliyekuwa jirani wa Otane na aliyemwogopa.

Otane alikuwa mfupi, mwenye mikono mipana na mdomo ulioamka asubuhi kabla ya mwili. Aliolewa na Mohei kwa sababu mashamba yao yalipakana na wazazi walichoka kuhamisha mpaka. Walipendana, nadhani, kwa namna yao. Namna yao ilikuwa hivi: Otane alisema, Mohei alitazama bata wakiruka.

Asubuhi moja ya mwaka mpya Mohei alipewa kazi ya kuangalia sufuria ya wali. Bata wakapita. Aliporudisha macho chini, wali ulikuwa mkaa, na mwiko ulikuwa tayari umeshatoka mkononi mwa Otane. Ulimpata juu ya jicho la kushoto. Kovu likabaki pale, limepinda kama mundu, na Mohei, badala ya kuona haya, akaanza kuringa nalo.

"Hili? La mshale," aliwaambia wapita njia.

"Mshale wa wapi, ndugu yangu?"

"Wa vitani."

"Vita gani hivyo?"

"Vita vya jikoni!" Otane alijibu kutoka ndani, na wapita njia wakaendelea na safari yao wamechangamka.

Sasa, vita vyenyewe havikuwa mbali. Bonde letu lilikuwa katikati ya mabwana wawili: Tatsumi upande wa mashariki na Kuragane upande wa magharibi. Wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi, na nyasi zilikuwa sisi. Mwaka mmoja tulimlipa kodi huyu, mwaka mwingine yule, na mwaka mbaya tuliwalipa wote wawili. Majira ya kung'oa figili yalipofika, askari wa Tatsumi wakashuka wakachukua wanaume waliowakuta mashambani. Mohei alikutwa amechuchumaa, kashika figili moja kwa mikono miwili. Wakampa mkuki mrefu kuliko nyumba yake.

Otane alitoka mbio mpaka ukingoni mwa shamba.

"Na huu mstari uliobaki nani ataung'oa?"

"Nitarudi kabla figili hazijakauka," Mohei alisema.

"Usiporudi nitazila peke yangu!"

Hayo ndiyo maneno ya mwisho waliyoambiana. Otane aliyajutia baadaye. Figili alizitundika kwenye upenu, zikakauka, na hakuonja hata moja.

Jeshi la Tatsumi lilivunjika kwenye kivuko cha mto, majira yaleyale, kabla theluji haijaanguka. Bwana Kuragane akalichukua bonde, akakaa katika ile ngome ya mbao juu ya kilima, na kitu cha kwanza alichotaka kutoka kwetu hakikuwa mchele. Alitaka wanawake wa kuosha vichwa.

Ilikuwa kazi ya wanawake tangu zamani. Askari aliyeua alileta kichwa, na thawabu yake ilitegemea kichwa ni cha nani. Wanawake walikiosha, wakakichana nywele, wakakipaka poda, wakakifungia kibao cha jina, kisha kikapelekwa mbele ya bwana akione. Na wakubwa walitambulikana kwa meno, kwa sababu siku zile watu wa daraja la juu, wake kwa waume, walipaka meno yao wino mweusi yang'ae kama bakuli la mbao lililopakwa lakeri. Kichwa cha meno meusi kilizikwa mahali pa juu, kikasomewa sala. Kichwa cha meno meupe kilitupwa shimoni nyuma ya mazizi pamoja na wenzake, na hakuna mtawa aliyepoteza pumzi yake kwa ajili yake.

Basi unaweza kukisia. Vijana walizunguka ukumbini mwa ngome, vilikooshwa vichwa, wakikonyeza macho: mama, hebu mpake huyu wangu wino kidogo. Baadhi ya wanawake walipaka. Otane, naye akiwa miongoni mwa waoshaji, alikataa katakata. Aliwaambia kuwa wafu wana aibu yao, na mtu aliyeishi na meno meupe aachwe afe nayo.

Kisha akaja Hikoroku. Alikuwa samurai mdogo wa Kuragane, mwenye sharubu zilizoonekana vizuri zaidi ukisimama mbali. Alikuwa amekumbatia furushi.

"Shikamoo mama. Nina huyu hapa. Naomba umpake meno."

"Marahaba. Simpaki. Umemkata au umemwokota?"

Hikoroku akatazama dari. "Tulikutana."

"Mlikutana! Yeye akiwa amelala?"

Ukumbi mzima ukacheka, na kicheko kilihitajika sana mahali pale.

"Mshale ulikuwa umemwahi," kijana akakiri. "Lakini mama, fikiria hali yangu. Tangu vita vianze sijarudi hata na sikio. Wenzangu wananiita Bibi Harusi."

"Basi rudi ukaolewe. Weka hapo nimwoshe, wino hapati."

Akafungua furushi, akaanza kuondoa matope kwa kitambaa. Yalipotoka juu ya jicho la kushoto, akaona kovu lililopinda kama mundu.

Mdomo wa Otane ukanyamaza. Waliokuwa karibu naye walidhani amepatwa na kiharusi, kwa kuwa hawakuwahi kumsikia akiishia katikati ya sentensi. Yeye alikuwa anafikiri, na alifikiri haraka. Akisema huyu ni mume wangu, basi ni mume wa mtu, askari wa adui, meno meupe, shimoni. Hakuna kaburi, hakuna sala. Na sisi tunajua mfu asiye na wa kumwita jina anakuwaje: anatangatanga na njaa yake, anasimama nje ya milango ya watu wakati wenzake wanakula. Mohei, ambaye hata akiwa hai hakujua kujisukuma mbele penye chakula!

Akamwosha uso tena, polepole. Akamwosha nyuma ya masikio, mahali ambapo Mohei hakuwahi kupaosha kwa hiari yake tangu wafahamiane. Kisha akasema bila kuinua kichwa, "Leteni ule wino."

"Mama!" Hikoroku akapiga magoti kwa furaha. "Mungu akuweke!"

"Nyamaza, Bibi Harusi, kabla sijabadili nia."

Wino wenyewe hutengenezwa kwa vipande vya chuma vilivyooza ndani ya siki, na harufu yake humkimbiza mbwa. Otane alipaka mkono wa kwanza, akasubiri ukauke, akapaka wa pili, akapaka wa tatu, kama mtu anayepaka boriti za nyumba yake mwenyewe. Jirani yake alimsikia akinong'ona: "Fumbua mdomo. Siku zote unaufumbua usipoulizwa, leo umeubana."

Ukaguzi ulifanyika asubuhi iliyofuata. Bwana Kuragane alikuwa mtu mnene, mpenda vitu vitamu, na siku ile alikuwa na hasira kwa sababu Tatsumi mwenyewe hakupatikana, si mzima wala mfu. Akavipita vichwa vyote kwa kununa mpaka akafika kwa Mohei. Mzee mmoja wa baraza akainama.

"Meno ya mtu mkubwa haya," alisema. "Na kovu hili... Tatsumi si alipigwa mshale juu ya jicho katika vita vya Hinoki?"

Bwana akainama naye. Alikuwa amemwona Tatsumi mara chache, kwa mbali, tena ndani ya kofia ya chuma. Lakini alitaka awe yeye, na mkubwa akitaka jambo liwe, huwa.

"Ni yeye," alisema. "Ni Tatsumi Norikage."

Na kweli, kuanzia hapo alikuwa yeye. Kichwa chenyewe hakikupinga.

Mzee wa baraza, ili asionekane kukisia, akamgeukia Otane aliyekuwa amepiga magoti kando. "Wewe uliyemwosha. Hili ni kovu la mshale, sivyo?"

"Bwana mkubwa, mimi mwanamke wa jikoni tu, mambo ya mishale siyajui," Otane akajibu, paji la uso likiwa sakafuni. "Ila aliyelenga, alilenga vizuri."

Hikoroku alipewa farasi. Alianguka kabla hajatoka nje ya geti la ngome. Mohei alizikwa juu ya kilima chini ya msonobari, juu kidogo tu ya shamba lake la figili, kwa sala ndefu na ubani wa gharama, na jiwe lenye jina la mtu mwingine.

Labda mambo yangeishia hapo, lakini majira ya kuchipua jino la Bwana Kuragane likaanza kuuma. Utamu una malipo yake. Shavu likavimba mpaka jicho likafunga, waganga wakaja na kurudi, na mwishowe mpiga ramli mmoja kutoka mjini akasema jambo ambalo kila mtu aliliona la maana: yule mwenye meno meusi kilimani ana kinyongo, naye anauma. Adui mkubwa akifa na hasira, ni lazima atulizwe. Huo ndio utaratibu, wala hakuna aliyeshangaa.

Wakatumwa watu kijijini kuuliza kama kuna aliyesikia chochote pale msonobarini. Otane akajitokeza mbele ya wote.

"Nimemsikia. Anasaga meno."

"Anataka nini?"

"Nyumba. Na mtawa wa kumsalia kila asubuhi. Na tofu ya kukaanga."

"Umejuaje kuwa anataka tofu ya kukaanga?"

"Kwani nani hataki?"

Ndivyo hekalu letu lilivyoanza, na atakayekuambia habari ya ndoto na nuru juu ya kilima anataka umnunulie pombe ya mchele. Siku walipopandisha boriti ya paa, jino la bwana likang'oka lenyewe akiwa anatafuna keki ya maharage. Sifa ya hekalu ikavuka milima. Akaletwa mtawa mzee, Ryoden, mtu mwema, kiziwi wa sikio moja na msinziaji wa macho yote mawili. Na Otane, kabla hajaulizwa, alikuwa ameshahamishia sufuria zake jikoni mwa hekalu na kushika fagio.

Ungedhani sasa ametulia. Mume ana kaburi, ana paa, ana mtawa. Lakini kila asubuhi Ryoden aligonga kengele, akaweka tofu, ile jibini laini ya soya, mbele ya madhabahu na kuita, "Tatsumi Norikage!" Na kila asubuhi Otane alihisi kama mtu amemkanyaga kidole. Mfu huja akiitwa jina. Jina lililoitwa lilikuwa la Tatsumi. Basi nani alikuwa anakuja? Otane alimwona waziwazi moyoni: jenerali mnene ndani ya deraya ya chuma, anakaa kitako, anakula tofu ya Mohei. Na Mohei yuko nje mlangoni na ule mkuki wake mrefu, anasubiri kwa adabu.

Baada ya mtawa kuondoka, Otane alipiga magoti na kunong'ona jina la mumewe. Lakini mnong'ono wa mpishi ni nini mbele ya kengele ya mtawa? Asiyekuwapo na lake halipo. Kwa miaka mingi jambo hilo lilimla ndani kwa ndani, naye hakumwambia mtu, kwa sababu siri ile ikitoka, shingo ya kwanza ingekuwa yake.

Siku moja ya kiangazi alikuwa anafagia majani ya msonobari, akamkuta muuza sindano kaegemea mti mbele ya kaburi, anacheka mpaka sanduku lake linatikisika.

"We mzee! Unacheka nini kaburini? Huna adabu?"

"Nisamehe, dada. Nimesoma jina tu."

"Wenzako wakisoma hilo jina hulia."

"Hata mimi nusura nilie. Hekalu zuri namna hii! Yule bwana hakulistahili."

"Ulimjua?"

"Sana tu. Mvivu wa kuamka, mwepesi wa kukimbia."

Akacheka tena, na mara hii Otane aliyaona meno yake. Yalikuwa na mabaka: hapa meusi, pale manjano, kama ukuta wa zamani uliobanduka rangi. Akapandisha macho. Juu ya jicho la kushoto palikuwa na kovu.

Otane akainua fagio. "Ni wewe."

"Mimi nani?"

"Usinizungushe! Wewe ndiye Tatsumi."

Mzee akageuka huku na huku. "Punguza sauti, dada yangu. Mimi nimekufa."

"Uko hai," Otane akasema. Kisha akaangusha fagio, akajifunika uso kwa aproni na kucheka huku analia. "Uko hai! Kumbe si wewe uliyekuwa unakula tofu!"

"Tofu gani tena? Mimi tangu jana sijatia kitu mdomoni."

Ikabidi amweleze, na alimweleza kwa kirefu, kwa kuwa alikuwa ameibeba habari hiyo muda mrefu bila pa kuitua. Muuza sindano alisikiliza. Otane alipofika kwenye mwiko, mzee alicheka. Aliposikia habari ya wanaume waliochukuliwa wakiwa wanang'oa figili, hakucheka tena.

"Kwa hiyo huyu alikuwa askari wangu," alisema.

"Hakuwa askari wa mtu. Alikuwa mume wangu. Mlimpa mkuki, akafa akikimbia."

"Basi tulikimbia pamoja." Tatsumi alitazama jiwe lenye jina lake. "Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa na farasi."

Akapiga magoti, akaweka paji la uso chini mbele ya mlima figili, akakaa hivyo mpaka Otane akaona aibu kwa niaba yake na kumwambia ainuke akapate wali.

Hakuondoka tena. Ryoden alikuwa anazidi kuzeeka na alihitaji mtu wa kumkumbusha sala imefika wapi. Akamnyoa nywele mgeni, akampa kanzu, wala hakumuuliza ametoka wapi. Au aliuliza na hakusikia jibu. Watu wa bondeni walimwita Mtawa Sindano. Kila asubuhi Tatsumi Norikage aligonga kengele na kuiombea roho ya Tatsumi Norikage ipumzike kwa amani, na bibi ya bibi yangu aliapa kuwa hajawahi kuona mtu akijiombea kwa bidii namna ile.

Furaha ya Otane haikumaliza mwezi. Sadaka, kama mjuavyo, sala ikiisha huliwa na watawa. Asubuhi moja alisimama mlangoni akamtazama Sindano akitafuna, na mambo yote yakamjia kwa mpigo.

"Hebu tazama!" alifoka. "Jina linaitwa, mwenye jina anakuja, anakaa, anakula! Ndicho nilichokuwa nakiogopa, sasa nakiona kwa macho!"

"Dada, kila mtawa hula..."

"Na Mohei kasimama nje!"

Sindano akaweka vijiti vyake vya kulia chini. "Unataka nifanye nini?"

"Umwite."

"Nitamwita. Asubuhi mapema, kimyakimya, kabla watu hawajaja."

"Kimyakimya namwita mimi tangu mwanzo. Mwite kwa kengele, mbele za watu, kama watu wanavyoitwa."

"Watu wa Kuragane wakisikia watauliza Mohei ni nani. Watafukua. Hekalu litavunjwa, na vichwa vyetu vitaoshwa na wanawake wengine." Akainamisha uso. "Mimi ni mwoga, Otane. Ndiyo maana niko hai."

Otane akamwondolea sahani. Kuanzia siku hiyo hakumsemesha hata neno moja, akampa wali wa baridi na supu ya soya yenye chumvi iliyozidi. Waliomjua walisema ukali wa mdomo wake ulivumilika. Kimya chake ndicho kilichokondesha watu.

Ikaja sikukuu ya wafu, katikati ya joto. Bonde zima lilipanda kilimani na taa za karatasi, na mwaka ule Bwana Kuragane alikuja mwenyewe. Alikuwa mzee sasa, meno yamebaki mawili, na alitaka kumshukuru Tatsumi kwa kuyaacha hayo. Nyuma yake alikuja Hikoroku, mnene, na sharubu hatimaye. Ryoden alikuwa kitandani, sauti imemkauka. Ikabidi Mtawa Sindano aongoze sala, kofia ya majani imefunika paji la uso mpaka kwenye nyusi.

Otane alipiga magoti kando ya madhabahu na sahani ya tofu ya kukaanga. Hakumtazama.

Sindano akagonga kengele. "Tatsumi Norikage!" aliita, na watu wakainama. Ilikuwa imekwisha, kilichobaki ni ubani na kwenda kula. Lakini hakuondoka. Alitazama ile sahani, halafu mikono mipana iliyoishika. Akagonga kengele mara ya pili, akavuta pumzi, na kwa sauti ambayo zamani iliwaamuru wapanda farasi ng'ambo ya mto, akaita:

"Mohei!"

Jina likagonga paa likarudi. Wanakijiji walikauka. Hikoroku akawa mweupe kama tofu yenyewe.

Bwana Kuragane akainua kichwa. "Mohei ni nani?"

"Ni jina la utotoni la marehemu, bwana mkubwa."

"Wewe umelijuaje?"

"Tulilelewa nyumba moja. Hakuna mtu duniani aliyemjua kuliko mimi."

"Tatsumi Norikage," bwana akasema taratibu, "jemadari wa mashariki, nyumbani aliitwa Mohei? Kama mlima figili?"

"Mama yake aliogopa pepo wanaochukua watoto wa wakubwa. Akampa jina la mkulima ili wampite."

Kisha tumbo la Bwana Kuragane likaanza kutikisika, likafuata kicheko, mpaka yale meno mawili yakaonekana yote. Alicheka mpaka akahitaji kupigwa mgongoni. Alipotulia, macho yake yalikuwa na maji.

"Mimi mama yangu aliniita Jalala," alisema. "Kwa sababu hiyohiyo. Ni miaka mingi sijalisikia."

Hakuna aliyethubutu kucheka, ingawa wengi wetu tumelicheka kwa niaba yao tangu hapo.

"Lichongeni," bwana akaamuru. "Hilo la Mohei. Lianze hilo, tena kwa herufi kubwa. Mtu akifa aitwe alivyoitwa nyumbani kwao."

Mchongaji alimaliza kabla majani hayajaanza kubadilika rangi. Otane alipanda asubuhi, watu hawajafika, na Sindano akapanda nyuma yake, kwa mbali, kwa kuwa hakujua bado kama amesamehewa. Alimkuta ameinama mbele ya jiwe anazitazama alama. Hakujua kusoma.

"Lipi?" Otane alisema. Lilikuwa neno la kwanza kumwambia tangu ule ugomvi.

Sindano akaushika mkono wake, akaweka kidole kwenye ncha ya juu ya herufi ya kwanza, akakishusha ndani ya mfereji mpya wa jiwe mpaka mwisho. Kisha akarudi nyuma. Otane akalipitia tena peke yake, na tena, polepole kama alivyomwosha uso siku ile. Alikuwa analia, wala hakujificha.

Halafu akajifuta kwa aproni, akafungua kikapu. Akatoa tofu ya kukaanga, ya moto bado, na figili kavu kutoka kwenye upenu, akavipanga chini ya jina. Sindano alikuwa hajala asubuhi ile. Alisimama palepale alipokuwa, mikono ndani ya kanzu, hakusogea hata hatua moja.

"Haya, Mohei," Otane akasema. "Ingia ndani, kaa, ule. Leo hakuna wa kukunyang'anya."